Aliyekupinda Miguu Si Mama Yako

Maitu wangu,

Kabla hujasoma mbali, ujue unaandikiwa na mtu mkubwa. Watu hudhani bypass ilipita Kamakis kwa sababu mainjinia walipanga hivyo. Mainjinia gani? Walikuja na vyuma vyao vya kupimia, wakasikia harufu ya mbavu za mbuzi kutoka kwa jiko langu, wakatupa vyuma chini. Walipomaliza kula ndio wakachora barabara, wakaipitisha pale pale ili wasitembee mbali wakirudi. Mkubwa wao alinishika mkono, bado una mafuta, akasema, "Gitau, wewe ndiye ramani." Mawaziri wamekula nyama kutoka kwa kisu hiki wakiwa wamesimama kwenye foleni kama watoto wa shule. Kwa hivyo usiseme ulipoondoka nyumbani hukuandikiwa na mtu.

Mambo ya begi sitakuambia. Taulo, sabuni, soksi, nguo za kulalia, hizo mama yako amekwisha kuzikunja na kuzikunjua na kuzikunja tena. Mimi niko na jambo moja tu, lile uliloniuliza jana.

Ulisimama hapo mlangoni, mkono kwenye ukuta, vile unavyosimama goti likiuma na hutaki tujue. Ukasema hospitali huendi. Mama yako akasema pole pole, "Wanjiru, daktari ametuwekea nafasi. Watu husubiri sana hiyo nafasi." Ukamjibu bila kumwangalia, "Si ni wewe ulinipinda? Sasa unataka kuninyoosha ya nini?" Halafu ukanigeukia mimi. "Anko, wacha story zako leo. Niambie ukweli, hii mara moja tu. Miguu yangu iliharibiwa na nani? Usiponiambia, hiyo gari mtaenda nayo wenyewe."

Mama yako aliingia jikoni akafungua mfereji ili tusimsikie. Na mimi, mtu wa maneno mengi, nikasema nini? Nikasema hata simba ana matege na bado ni mfalme. Ukanitazama vile mtu hutazama chai iliyoingiwa na nzi, ukaingia kulala.

Sasa sikiliza, maana ukikubali kwenda, hutarudi hapa Mwihoko. Ngazi za ghorofa ya nne si za mtu aliyekatwa mfupa. Ukitoka hospitali utashukia Thika, kule Landless kwa mama yako, chumba cha chini, choo karibu na mlango. Utaishi naye zaidi kuliko ulivyowahi kuishi naye tangu uzaliwe. Atakuosha, atakuinua, atakuamsha umeze dawa. Na unaenda huko ukiamini ni yeye aliyekuharibu. Hilo ndilo limenikosesha raha. Mguu wataunyoosha, wana vyuma vya kufanya hiyo kazi. Lakini hilo lingine hawana chuma chake.

Najua ulikoyatoa hayo maneno. Mama Shiku wa ghorofa ya chini amesema miaka yote kwamba ulibebwa mgongoni ukiwa bado mbichi, miguu ikatanuliwa. Wengine wanasema ulisimamishwa mapema. Yule shangazi yangu wa Gatundu naye alisema kwa sababu ulipewa jina la mama yangu, ulirithi mizigo yake ya kuni. Huo ni uongo wa mchana. Jina ni kweli ulipewa, na ndiyo maana nakuita Maitu, kwa sababu ukiwa Wanjiru wewe ni mama yangu na ni lazima nikuheshimu hata ukinikatalia chumvi. Lakini miguu ya mama yangu ilikuwa imenyooka kama nguzo za stima. Alinipiga teke nayo mara nyingi. Nina ushahidi kwa mwili.

Mgongo haumpindi mtoto. Daktari aliniambia hivyo kwa mdomo wake. Watoto wa nchi hii wote wamebebwa mgongoni, na mbona hatutembei wote kama kaa?

Wacha nikuambie ilivyokuwa.

Ulizaliwa Julai, na Julai ya Ruiru unaijua, ile baridi ya kuingia kwa mifupa. Mama yako alikuwa ameandikwa kiwanda cha matunda Thika, na kibarua hakingoji mtoto akue. Mimi kazi yangu ya kuchoma nyama ilikuwa jioni, kwa hivyo mchana wote ulikuwa wangu. Mama yangu alinitumia maagizo kutoka nyumbani: mtoto asipigwe na upepo, kifua kitaingia baridi. Mimi nikisikia agizo sifanyi nusu. Nilikuvalisha vesti, sweta, sweta nyingine juu, kofia ya marvini, ile ya sufu, mpaka kwa nyusi, shali, halafu blanketi. Ulikuwa kama kabeji. Mtu akitaka kukusalimia ilibidi abandue majani.

Na nikakuweka ndani. Tulikuwa kile chumba cha nyuma, unakumbuka? Huwezi kukumbuka. Dirisha lilikuwa linatazama ukuta wa ploti ya jirani, karibu hivi kwamba ningeweza kuegemeza kiwiko upande wa pili. Taa ya stima ilikuwa inawaka asubuhi mpaka jioni. Jua lilikuwa linapita juu ya mabati likienda kwa watu wengine. Mpaka umeanza kutambaa, mpaka umeanza kusimama, jua ulikuwa unaliona siku ya kwenda kanisa, na hata hiyo siku nilikufunika uso.

Chakula? Uji, ugali, mchuzi, chai. Maziwa tulikuwa tunatia kwa chai ya kubadilisha rangi tu. Na ulikuwa hukohoi! Hapo ndipo nilipotapeliwa na kichwa changu. Watoto wa ploti nzima wanakohoa, wewe kimya, umenona. Nikawa natembea nikisema, "Njooni nyote mfundishwe kulea." Mikono yako hapa kwa kifundo ilikuwa minene kuliko ya wenzako. Nikasema hiyo ni nguvu, huyu atabeba ng'ombe.

Haikuwa nguvu. Baadaye nilielezwa kwamba mwili huhitaji jua kwenye ngozi ili utengeneze kitu fulani, vitamini D, na bila hicho kitu, hata ukila chakula cha kujenga mfupa, hakiingii kwa mfupa. Kinapita tu. Na wewe hata hicho chakula ulikuwa unapata kidogo. Kwa hivyo mfupa unakua mrefu lakini mlaini. Mtoto akisimama, uzito wake mwenyewe unaupinda, na ncha za mfupa zinanenepa, ndiyo hiyo mikono niliyokuwa nikijivunia. Ugonjwa wenyewe unaitwa rikets. Si laana, si jina, si mgongo wa mtu. Na ngozi yetu hii nyeusi inataka jua jingi kuliko ya mzungu, na mimi nilikuwa nakuficha kama pesa.

Hadi hapo simlaumu mtu, hata mimi mwenyewe. Tulikupenda vile tulijua kupenda. Ni yale yaliyofuata.

Ulipofika miaka mitatu, mama yako alikuja Jumamosi akakuangalia ukitembea kutoka mlangoni mpaka kwa kitanda. Akasema, "Gitau, miguu ya mtoto si sawa. Nataka kumpeleka hospitali."

Nikacheka. Nikamwambia, "Nyambura, kati yangu na wewe, nani anajua mifupa? Mimi hupasua mifupa kila siku ya Mungu. Hiyo ni miguu ya mpira. Kila mchezaji mkubwa duniani ana matege."

"Na Brayo wa Mama Shiku ameshanyooka. Walikuwa sawa mwaka juzi."

"Brayo hatacheza mpira," nikasema, na ploti yote ikacheka, na maneno yakaisha.

Sasa, hata Brayo alikuwa amenichanganya. Watoto wote huanza na matege, hiyo ni kawaida. Wakifika miaka miwili hivi wananyooka, halafu magoti yanaingia ndani yanagusana, halafu yanajirekebisha yenyewe kabla ya kuingia shule. Hao huachwa. Lakini yule ambaye anazidi kupinda wakati wenzake wananyooka, au mguu mmoja unamshinda mwenzake, au ana maumivu, huyo hupelekwa aangaliwe. Mama yako aliona hivyo kwa macho tu, bila daktari. Mimi nilikuwa na mdomo mkubwa kuliko macho yake.

Mpaka ukaingia nasari, na mwalimu akakataa kunisikiliza. Alisema, "Baba, hizi hadithi zako ni tamu, lakini mtoto aende kliniki." Mama yako alikuwa zamu ya mchana, nikakupeleka mimi. Daktari alikuwa msichana mdogo. Akatundika picha ya eksirei kwa taa, akaanza kunionyesha. Nikamkatiza. Nikamwambia, "Daktari, mimi mifupa usinifundishe. Mfupa ni mfupa."

Akaweka kalamu chini. "Unafanya kazi gani, baba?"

"Mimi ndiye Gitau wa Kamakis. Nachoma mbuzi."

"Na mbuzi wako, akishafika kwa jiko, huwa anaendelea kukua?"

Manesi wawili walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Lakini yule daktari hakuwa mbaya, aliona nimeumia, akaniuliza, "Mbuzi mdogo ukimchemsha mguu, ule mfupa wa goti si kichwa chake hutoka?" Nikasema hutoka. "Na mbuzi mzee?" Nikasema cha huyo hakitoki, kimeshikana. Akasema, "Hapo panapoachana ndipo mfupa hukulia. Kuna kitu laini hapo, gegedu. Kwa huyu mtoto bado pako wazi. Tuna muda."

Alikuandikia dawa ya matone na ya vidonge, akasema unywe maziwa, ule omena, wale dagaa wa ziwani, na vichwa vyao, na uchezee juani. Hayo nilifanya. Nilikutoa nje mpaka watu wakauliza kama nakuanika. Mifupa ikawa migumu, na mguu wa kulia, Maitu, ulinyooka wenyewe kama mmea uliogeuzwa dirishani. Nilifikiri ni mimi niliyefanya. Wa kushoto ukabaki.

Yule daktari alikuwa amenieleza pia jambo la pili. Alisema turudi tuendelee kupimwa, na kama mmoja utakataa kunyooka, kuna kibati kidogo cha chuma huwekwa upande mmoja wa mfupa hapo kwa goti. Ule upande unashikwa kidogo, ule mwingine unaendelea kukua, mguu unajinyoosha polepole, halafu kibati kinatolewa. Operesheni ndogo. Lakini ni ya mtoto ambaye bado anakua. "Akimaliza kukua," akasema, "hiyo njia imefungwa."

Siku hiyo ulikuwa umeshika aproni yangu kwa mikono miwili. Kwa eksirei ulikuwa umelia ukiniita mimi, hukuita mtu mwingine. Nikasikia chuma, nikasikia operesheni, na pia nilikuwa nimeshaambia Kamakis nzima kwamba miguu yako ni ya mpira. Nikarudi nyumbani. Mama yako alipiga simu kutoka Thika wakati wa mapumziko, mashine zikilia nyuma yake. "Wamesema nini?"

Nikamwambia, "Wamesema ni sawa, dawa tu zinatosha. Hakuna haja ya kurudi."

Ndivyo ilivyokuwa. Sina maneno ya kupamba hapo.

Aliuliza tena ulipoingia darasa la tatu. Aliuliza ulipoanza kulalamika goti. Kila mara nilimwambia daktari alisema ni sawa, mpaka na mimi nikawa nasikia ile sauti ya daktari ikisema ni sawa. Uongo ukiusema sana unaanza kukumbuka hata daktari alivaa nini akiusema.

Sasa njoo mpaka juzi, kwa huyu daktari mpya wa mifupa. Ulikuwa umekaa kwa kitanda, sisi wawili tumesimama. Akasoma kadi yako ya zamani akauliza, "Hapa mliambiwa mrudi. Mbona hamkurudi?" Mama yako alinigeukia. Ni hapo ndipo alijua, Maitu. Kwa sekunde hiyo. Niliona akijua. Halafu akamgeukia daktari akasema, "Ni kazi, daktari. Sikupata ruhusa."

Wewe ulisikia hayo. Uliyabeba mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo hujamwita mama.

Tukiwa nje nilimuuliza, "Nyambura, kwa nini?" Alikuwa anakusubiri utoke chooni, ameshika sweta yako. Akasema, "Huyu mtoto ni wewe anakuamini. Akikukosa wewe pia, kule hospitali atamshika nani?" Halafu akaongeza, "Na usianze kulia hapa, watu watadhani una akili." Dada yangu ni huyo. Hata akikuokoa lazima akutukane kidogo.

Kwa hivyo umeniuliza nani. Mwanzo wake ni chumba bila jua, na hiyo hakuna aliyejua. Kuchelewa ni mimi. Mama yako aliona mapema na nikamfunga mdomo kwa mzaha, halafu nikamdanganya, halafu akanifunika. Ukitaka kukasirika, usimkasirikie yeye. Mimi nina mwili mkubwa, hasira zako zitanienea bila shida. Usinipigie simu ukitaka, hata mwezi mzima. Nitaambia watu mtandao wa huko hospitalini milimani ni mbaya. Lakini kesho ukiingia gari, kaa nyuma na mama yako. Umwite vile ulivyokuwa ukimwita.

Na uingie hilo gari, mwanangu. Ile operesheni yenyewe nimeiuliza mpaka daktari akaanza kunikwepa. Kwa vile umemaliza kukua, wataukata mfupa hapa chini ya goti, kwa mpango, si kama ninavyopasua mimi, wataugeuza unyooke, wataufunga na bamba la chuma na skrubu, na mfupa utajiunga wenyewe. Utakuwa umelala, hutasikia. Ukiamka utasikia, hilo sikufichi, na kuna dawa, uombe mapema, usijifanye shujaa. Ya nini yote haya? Kwa sababu uzito wako sasa unaanguka upande mmoja wa goti. Umeona kisigino cha kiatu kinavyoisha upande? Kiatu fundi ataweka kingine. Goti ukilimaliza ungali msichana, hakuna fundi wa kukurudishia hilo ulilozaliwa nalo.

Sijui mpira utacheza ama hutacheza. Nilisema sana juu ya hilo na sitasema tena. Wewe mwenyewe hukuwahi kuniambia unapenda mpira. Nimefikiria hapa nikagundua sijawahi kukuuliza. Ukipona, uende pale miguu yako inataka, na kama ni kukaa tu kwa kiti ukisoma vitabu vyako, basi kaa, lakini ukae kwa kupenda, si kwa goti kukukatalia.

Kitu cha mwisho ni magongo, maana utatembea nayo wiki nyingi. Uzito usiweke kwapani, weka kwa mikono, mkono utakufa ganzi. Ukipanda ngazi, tanguliza mguu mzima, ule mgonjwa ufuate na magongo. Ukishuka, magongo na mguu mgonjwa ndio hutangulia. Wengi hugeuza hiyo na wanaumia. Haya najua vizuri, na nimewaambia wote hapa kwamba nilifundishwa na daktari wa jeshi.

Hakuna daktari wa jeshi. Niliazima magongo ya yule kijana wa bodaboda aliyevunjika, nikajifungia nyuma ya bucha nijifunze kwanza, ili ukipata shida nije Landless nikuonyeshe kama mtu anayejua. Nikashuka zile ngazi za nyuma nikitanguliza mguu mzima. Niliangukia karai la matumbo, kitako kwanza, mbele ya wateja waliokuja kunawa mikono. Barua hii yote nimeiandika nikiwa nimesimama, karatasi juu ya friji, kwa sababu mpaka sasa siwezi kukaa.

Anko wako,
Gitau